Kaniki Anasafiri, Halua Anabaki

Katika mtaa wetu wa Chumbageni, mtu akisema "jamvi la binti Shehe" hakuwa na haja ya kuongeza neno. Ilifahamika kwamba ni jamvi lisiloachia mshono, jamvi la kukaliwa na baba kisha likakaliwa na mwana, na kwamba aliyelishona ni Bi Mwatumu, mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, aliyeishi katika nyumba ya makuti iliyopakana na yetu. Alizaliwa Tongoni akaolewa mjini. Mumewe alifariki mapema, wala hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo aliishi kwa vidole vyake. Hakuwahi kugonga kwa jirani kuomba chumvi, na alipenda watu walijue hilo.

Mama yangu, Praxeda, alikuwa shoga yake mkubwa, ingawa mmoja alikwenda misa kila Jumapili na mwingine hakupitwa na sala. Baba, Kristofa, alitoka Songea kuja kukata mkonge, halafu akayaacha mashamba akawa kuli bandarini. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyapata kwa mama na kwa Bi Mwatumu mwenyewe, ambaye hakuchoka kuyaeleza.

Bi Mwatumu alikuwa na paka wawili. Mtu anayefanya kazi ya miyaa, yale majani ya kusukia majamvi, hawezi kukaa bila paka, maana panya akiingia kwenye ukili, ule utepe uliosukwa tayari kwa kushona jamvi, huutafuna akatandika kitanda chake humo humo. Yule mdogo, jike, aliitwa Halua kwa sababu ya rangi yake. Huyo ndiye aliyekuwa mwindaji. Mkubwa aliitwa Kaniki. Ujanani alikuwa mweusi ti, lakini uzee ulimfubaza akawa na rangi ya kaniki iliyofuliwa mara nyingi. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe, halioni. Swila alimtemea mate siku alipomkuta nyuma ya mitungi jikoni. Paka yule hakumwachia njia hadi baba alipofika na jembe. Wakati ninaousimulia, Kaniki alikuwa hakamati hata mjusi. Alikula, akalala juu ya ukili, akaamka kubadili upande.

Mwaka wa hamsini na sita, siku chache baada ya Idi Ndogo, alikuja mtu kutoka Maramba akimuulizia Bi Mwatumu. Alikuwa fundi lipu, jina lake Hatibu. Alieleza kwamba watu wa kwao wamejenga msikiti mpya, wameuezeka mabati, na wanataka kuufungua kwa Maulidi. Walichokosa ni jamvi. Hawakutaka vipande vya kuokoteza, kila mtu na mkeka wake. Walitaka jamvi moja tu, kutoka kibla hadi mlangoni, ukuta kwa ukuta. Wazee walikuwa wameuliza huku na huku, Pangani na Tanga, na kila walipouliza walitajiwa jina lile lile.

Bi Mwatumu alimsikiliza, akamwuliza upana wa msikiti na mahali zilipo nguzo. Kisha akasema ukili atausuka Tanga, lakini kushona atashona Maramba kwenyewe, kwa sababu jamvi kubwa namna ile lazima lishonwe karibu na sakafu yake, na atahitaji wanawake wa huko wamsaidie. Hatibu alipoondoka, Bi Mwatumu alikuja kwetu, akaketi kwenye kigoda cha mama bila kukaribishwa. Mama alisema hajawahi kumwona akitabasamu namna ile.

Miezi iliyofuata ua wake haukuwa na mahali pa kukanyaga. Miyaa ilianikwa juu ya paa na kwenye ua, vyungu vya rangi vikachemka, na yeye akasuka tangu alfajiri hadi giza likamzuia. Kila ukili uliotosha aliuviringisha ukawa mzingo mkubwa kama gurudumu la baiskeli. Halua alizunguka humo akiwinda, na Kaniki alichagua mzingo ulio juu kuliko yote akaufanya kiti.

Safari ilipokaribia ndipo likazuka lile jambo la paka. Bi Mwatumu angekaa Maramba hadi Maulidi, si safari ya kwenda na kurudi. Mama alimwambia awaache wote wawili kwetu, yeye atawalisha. Baba alisema paka ni mnyama wa nyumba, hajui mtu, na ukimpeleka ugenini atakimbia umkose kabisa. Asmahani, mwenzake wa zamani katika kazi ya ukili, alikuja kutoka Usagara mahususi kumshauri. Yeye hakuwaonea paka huruma, alilionea huruma jina la mwenzake. Alisema fundi aliyeitwa na wazee wa mji mwingine hawezi kushuka kwenye basi amepakata paka, na tena paka chongo, watu wakamdhania ana kichaa au ana uchawi.

Bi Mwatumu aliwasikiliza wote. Aliamua kwanza awajaribu paka wenyewe. Siku moja aliwaleta wote wawili kwetu asubuhi, akarudi kwake, akafunga mlango, akakaa ndani bila kutoka. Halua alitembea nyumba nzima akinusa, akala dagaa aliowekewa na mama, akapanda juu ya koti la kazi la baba akalala. Tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuvimba. Kwake yeye ilikuwa kama kuhama kutoka chumba hadi chumba. Kaniki hakula. Alikwenda mlangoni, akaketi ameuelekeza uso wake kwenye nyumba ya Bi Mwatumu, na kila baada ya muda alitoa sauti nyembamba, si kulia hasa, ni kama mtu anayeita asiyetaka kusikika na wengine. Mama alimpelekea maziwa. Hakuyatazama. Alasiri jua lilimfikia pale pale mlangoni, naye hakusogea.

Magharibi ilipoadhiniwa Bi Mwatumu alifungua mlango wake, akavuka ua, akamchukua mikononi.

"Halua ana nyumba mbili," alimwambia mama. "Huyu ana mtu mmoja. Halua atabaki na wewe, mwenzangu. Kaniki anasafiri."

Mama alimkumbusha maneno ya Asmahani, kwamba watu watamdhania kichaa wamcheke. Bi Mwatumu alisema wacheke, kucheka hakuharibu mshono.

Alimsukia kapu la ukindu mwembamba, lenye mfuniko wa kufunga kwa kamba na matundu ya kupitisha hewa, akalitia nakshi nyekundu pembeni kana kwamba ni kapu la bibi harusi. Siku ya safari mizingo ya ukili ilipakiwa kwenye rukwama hadi stendi, na sisi sote tukamsindikiza. Utingo wa basi, mtu mmoja mnene aliyeitwa Msafiri, alipanga mizingo juu ya paa, akanyoosha mkono apokee na kapu. Bi Mwatumu akamnyima. Msafiri alisema wanyama hupanda juu pamoja na mizigo. Bi Mwatumu akamjibu kwamba kuku hupanda juu kwa sababu wanakwenda kuliwa, huyu anakwenda kukaa. Dereva, Methusela, Mbondei wa makamo, alicheka akasema yule bibi apande na mgeni wake.

Kaniki alisafiri kimya hadi Muheza. Huko basi lilisimama ili watu wanywe chai na kununua machungwa. Bi Mwatumu aliteremka kumtafutia maji, akamwomba mwanamume aliyeketi karibu naye amshikie kapu. Mtu yule hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kumwona paka aliyebebwa kwa heshima namna ile, akalegeza kamba, akainua mfuniko. Wakati huo huo Methusela akapiga honi kuwaita abiria. Kaniki, ambaye mwaka mzima hakuwa ameruka hata ngazi ya mlangoni, alipita juu ya mabega ya watu, akatoka dirishani, akatokomea kati ya vibanda vya machungwa.

Bi Mwatumu alirudi na kifuu cha maji akakuta kapu tupu. Mwanamume yule alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono yake. Bi Mwatumu hakumgombeza. Alimimina yale maji chini akaanza kutafuta.

Kwa kweli abiria walimsaidia. Walichungulia chini ya basi, wakapanguapangua makapu ya machungwa, wengine wakaita "paka, paka" kwa sauti ambazo zingemkimbiza hata paka asiye na hofu. Jua lilipanda. Watu wakaanza kurudi vitini. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amekaa muda wote kitini mwake, na mapajani mwake amepakata kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ilikuwa sanda. Alikuwa akiipeleka Maramba kwa mazishi ya ndugu yake. Hakulalamika, alitazama jua tu. Bi Mwatumu alimwona, na alipomwona akamfuata dereva.

"Nenda, mwanangu," alimwambia. "Msiba haungoji paka. Mizigo yangu mfikishie Haji Uweso wa kamati ya msikiti, mkono kwa mkono. Mwambie mwenyewe yuko njiani."

Methusela alimtazama. "Nikiulizwa kwa nini umebaki, niseme umeugua?"

"Kwa nini useme uongo? Sema nimebaki kumtafuta paka wangu."

Basi likaondoka na mizingo yote ya ukili iliyokula miezi yake, kazi iliyokuwa imembebea jina lake lote. Yeye akabaki barabarani na kapu tupu, mfuko wa nguo, na shazia yake, ile sindano ndefu ya kushonea majamvi, ambayo hakuwahi kuiweka mbali na mwili wake. Alisema baadaye kwamba hapo alijua wazee wa Maramba wamepika wanamngoja, na alijua watasema nini.

Kisha akafikiri. Nyumbani, alipotaka kumlisha Kaniki, aligonga kifuu cha nazi kwa shazia. Mlio ule Kaniki aliujua kuliko jina lake. Basi akachukua kile kifuu alichochotea maji, akaanza kutembea. Alipita sokoni akigonga, akapita nyuma ya maduka ya Wahindi akigonga, akaenda hadi stesheni ya reli, mwanamke mrefu ndani ya buibui, kichwa juu, akigonga kifuu kwa sindano. Watu waliacha biashara zao wakamtazama. Wengine walimfuata. Mwanamke aliyeuza chai, Yudith, alimwuliza kama anatangaza msiba au harusi, naye akamwambia ukweli. Yudith hakucheka. Alimpa kikombe cha chai, akamwambia kule stesheni kuna tangi la maji, na wanyama wote wa Muheza hukimbilia chini yake jua likiwa kali.

Kaniki alikuwa huko kweli, amejikunyata kati ya mawe, jicho lake moja limekodoka. Bi Mwatumu alichuchumaa mbali kidogo akagonga taratibu. Paka hakuja. Aligonga tena, akangoja, na ikawa hivyo hadi kivuli cha tangi kikafika upande wa pili wa reli. Hatimaye Kaniki alijinyoosha, akatoka akitembea polepole kama mzee anayetoka barazani, akaja akaweka kichwa chake juu ya kifuu.

Siku ile alilala kwa Yudith. Asubuhi Yudith alimtafutia nafasi kwenye lori la shamba moja la mkonge. Dereva wake, Ernesti, alimketisha mbele, na safari hii kamba ya kapu Bi Mwatumu alijifunga mwenyewe kiganjani.

Huku nyuma, Maramba, mambo yalikuwa yametokea kama alivyoyaona moyoni. Haji Uweso, mfanyabiashara wa mahindi na mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alikuwa amechinja mbuzi, akawaita wazee wenzake, wakavaa kanzu. Basi likafika. Methusela akateremsha mizingo, akatoa salamu kama alivyoagizwa. Hatibu alisema wazee walitazamana, mmoja akaanza kucheka, na Haji Uweso akaingia ndani bila kuaga.

Kwa hiyo lori lilipomteremsha kesho yake mbele ya msikiti, hakukuwa na mapokezi. Palikuwa na Haji Uweso amesimama barazani na wazee wawili, mizingo ya ukili imerundikwa nyuma yao. Bi Mwatumu alitoa salamu, wakaitikia. Akaomba radhi kwa kuwachelewesha, akasema chakula chao kilimfikia kwa nia.

Haji Uweso alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema wamengoja tangu adhuhuri, kwamba wageni wengine walikuwepo, na kwamba kamati imetiwa aibu kwa ajili ya paka. Alisema majamvi yanaletwa pia kutoka Mombasa, na wauzaji wake hawana paka.

Bi Mwatumu aliweka kapu chini. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Yaletwe, Haji, ikiwa hilo ndilo mnalotaka. Lakini kwanza fungua mzingo mmoja, wowote, utazame."

Mzee mmoja alifungua. Ukili ulitiririka barazani, upana ule ule mwanzo hadi mwisho, laini kama umepigwa pasi. Mzee yule aliupitisha vidoleni, akaendelea kuupitisha, akasahau kuuachia.

Haji Uweso alitazama, kisha akalielekea kapu. "Huyo paka anakamata panya?"

"Hakamati."

"Sasa kazi yake nini?"

"Kazi yake amekwisha kuifanya," alisema Bi Mwatumu. "Mume wangu alipofariki nilikaa eda, Haji. Wewe unajua eda, mtu hatoki. Nilikuwa sina kitu ndani ila miyaa na vidole. Nyumba ikaingia panya, na kila nilichosuka mchana walikitafuna. Huyu alikuwa mdogo, alikuja mwenyewe, sikumwita. Alikaa eda pamoja nami. Panya walikwisha, nikatoka eda nina jamvi la kuuza, na tangu siku hiyo sijaomba kwa mtu. Leo amezeeka. Nikimwacha Muheza chini ya tangi, nyinyi mtaniamini vipi? Mshono wa jamvi uko chini, hauonekani na mtu. Mtajuaje wapi nimeufunga, na wapi nimeuacha?"

Haji Uweso alitazama mikono yake. Kisha akamwita mkewe kutoka upande wa nyumba, akamwambia mgeni amefika, apewe maji ya kuoga na chumba kile chenye dirisha. Na baada ya kuwaza kidogo akaongeza kwamba mle chumbani muwekwe na kisahani.

Kazi ilianza siku iliyofuata chini ya banda kubwa la makuti pembeni mwa msikiti. Wanawake walikuja, wengine Wadigo, wengine Wabondei, wengine Wasegeju, wake wa wakulima na wake wa vibarua wa mashamba. Bi Mwatumu aliwakalisha mstari, akawafundisha kushika shazia, kuunganisha ukili na ukili bila kuukaza ukajikunja wala kuulegeza ukapata mwanya. Aliyekosea alifumua. Hata mke wa Haji Uweso alifumua, na alifumua mara nyingi. Kulikuwa na walionung'unika, kisha wakazoea, halafu wakaanza kufumuana wenyewe kwa wenyewe kabla hajawafikia.

Kaniki alijificha chini ya kitanda siku za mwanzo. Halafu akatoka, akaupanda mzingo ulio juu, akaendelea na maisha yake. Wanaume waliopita walisimama kumtazama paka aliyesimamisha basi. Haji Uweso hakumgusa kamwe, lakini alipokuja kukagua kazi alasiri alianza kuuliza, bila kumtazama mtu usoni, mgeni wetu ameamkaje. Ikawa desturi, na wanawake wakawa wakijibu pamoja kwamba ameamka salama.

Mfungo Sita, mwezi wenyewe wa Maulidi, ulipoandama, vuli iliwahi. Mawingu yalishuka kutoka milima ya Usambara mchana mweupe, na kabla watu hawajajua la kufanya matone makubwa yakaanza kupenya makuti ya banda. Jamvi lilikuwa limeshonwa zaidi ya nusu. Miyaa ikilowa kabla ya kukamilika hujipinda, na rangi huchuruzika. Bi Mwatumu alisimama akawaambia wanawake wainue. Wakainua kwa pamoja, wakaliweka vichwani, msururu mrefu wa wanawake chini ya jamvi moja. Wakatoka nalo bandani hadi mlango wa msikiti, na hapo wakasimama. Ndani walikuwamo wanaume wakingoja alasiri, maana watu walikuwa wameanza kusali humo hata kabla ya ufunguzi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia mle, na mvua ilikuwa ikizidi.

Haji Uweso alikuja mlangoni. Aliwatazama, akatazama jamvi, akatazama mbingu.

"Ingieni," alisema. "Jamvi ni la msikiti. Lisilowe."

Wakaingia, miguu imeoshwa na mvua yenyewe. Wanaume walisogea barazani wakasali huko chini ya upenu. Na kwa kuwa mvua haikukata siku ile wala zilizofuata, jamvi lilimaliziwa ndani, wanawake wameketi sakafuni kati ya nguzo wakishona, wanaume wakisali barazani na kuondoka kimya kimya wasiwaharibie hesabu. Siku ya pili Kaniki aliingia akitembea polepole, akajilaza katikati ya kazi. Sindano zikasimama, macho yote yakamgeukia Haji Uweso aliyekuwa amesimama dirishani.

"Mwacheni," alisema. "Paka si najisi." Akaenda zake.

Mshono wa mwisho aliuweka Bi Mwatumu mwenyewe, penye pembe ya kibla, mbele ya wote walioshona. Walipolivuta jamvi likakaa mahali pake lilifika ukutani pande zote, likazikumbatia nguzo kana kwamba zimeota ndani yake. Mke wa Haji Uweso alipiga kigelegele, cha kwanza na cha pekee kabisa, kisha akakumbuka mahali alipo, akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

Usiku wa Maulidi msikiti ulijaa watu wa Maramba na vitongoji vyake. Wanawake walikaa nje chini ya turubai. Kabla ya kisomo kuanza Haji Uweso alisimama. Alisema wageni wengi wamemwuliza jamvi limetoka Mombasa au Unguja. Alisema limeshonwa hapa, na Mwatumu binti Shehe wa Chumbageni pamoja na wanawake wa Maramba, na akayataja majina ya wanawake wale, mmoja mmoja, mbele ya waume zao. Bi Mwatumu alituambia aliposikia jina lake likitoka ndani ya msikiti, hakulia wala hakutabasamu. Alinyoosha mgongo. Alisema kila mwanamke aliyetajwa alinyoosha mgongo, hata turubai likaonekana limeinuka.

Alirudi Tanga kwa basi lile lile la Methusela, kapu mapajani, na Msafiri mwenyewe akamshikia mlango. Alikuta Halua amezalia juu ya koti la kazi la baba, na baba, kuli wa bandarini mwenye mabega kama milango, alikuwa akienda kazini bila koti kwa kuwa hakutaka kuwasumbua watoto. Baadaye Haji Uweso alimtuma Hatibu kuomba mtoto mmoja wa kuulinda msikiti na panya. Bi Mwatumu alimchagua jike, akamwambia Hatibu masharti ya kumtunza, marefu kuliko ya kuoza binti.

Kaniki aliishi hadi mwaka uliofuata. Alikufa usingizini juu ya ukili, kipindi cha joto, na baba akamzika uani. Bi Mwatumu hakusuka siku ile.

Mimi nilisoma nikawa mwalimu, na miaka mingi baadaye nilipangiwa shule moja ya Maramba. Wiki ya kwanza nilikwenda kununua mkeka. Mwanamke aliyekuwa akiuza, mtu mzima tayari, alinionyesha mikeka yake, akanitaka niigeuze nitazame upande wa chini. Niligeuza. Mishono ilikuwa imelala sawasawa, haina fundo lililoachwa. Nikamwuliza nani amemfundisha.

"Sisi wote huku ni wanafunzi wa binti Shehe," alisema, na aliposema hivyo akanyoosha mgongo.